Kulainisha Nyama ya Mishikaki kwa Papai Bichi Bila Kuigeuza Uji: Mwongozo Kamili

Malalamiko kuhusu papai bichi huja kwa sura mbili zinazopingana. Mmoja hulalamika kwamba alitia papai kwenye nyama ya mishikaki usiku kucha, na asubuhi akakuta vipande vimelegea, vina ute na vinavunjika vinapochomekwa kwenye kijiti. Mwingine husema alifuata kipimo kilekile cha jirani yake, lakini nyama ikabaki ngumu vilevile ilivyotoka buchani. Mara nyingi wote wawili walikuwa na papai zuri na nyama nzuri. Kilichowakosesha ni muda, ukubwa wa vipande, na kutojua kwamba papai hufanya sehemu kubwa ya kazi yake nyama ikiwa tayari motoni.

Mwongozo huu umepimwa kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, ya kuchomwa kwenye mkaa. Anayetaka kuchemsha nyama sufuriani, au mwenye nanasi badala ya papai, atakuta maelezo yake baada ya hatua za mishikaki.

## Mahitaji

- Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, kilo 1. Nyama ya paja na ya bega ndiyo inayofaidika zaidi. Sarara haihitaji papai hata kidogo, na ukiitia utakuwa umeharibu nyama ya bei kubwa.
- Papai bichi moja dogo, la kijani nje na jeupe ndani. Utatumia sehemu ndogo tu.
- Chumvi, vijiko vidogo 2.
- Kitunguu saumu kilichopondwa, kijiko kikubwa 1, na tangawizi iliyopondwa, kijiko kikubwa 1.
- Pilipili manga ya unga, kijiko kidogo 1, na bizari nyembamba ya unga, kijiko kidogo 1.
- Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 3, na ndimu 2 za kutumia mwishoni.
- Kisu kikali, ubao, bakuli lenye mfuniko, kifaa cha kuparuzia karoti au blenda, glavu za plastiki, vijiti vya mishikaki, na saa.

Kijiko kikubwa ni cha mililita 15 na kidogo ni cha mililita 5, vyote vikiwa vimesawazishwa. Saa imewekwa kwenye orodha kwa makusudi, na simu inatosha. Anayepima papai kwa kijiko lakini akakisia muda hajapima kitu.

## Kinachotendeka ndani ya nyama

Ugumu wa nyama hutokana na protini za nyuzi za misuli, pamoja na kolajeni, yaani tishu nyeupe inayozifunga nyuzi hizo pamoja. Utomvu mweupe wa papai bichi una vimeng'enya, maarufu zaidi kikiwa papaini, ambavyo hukata minyororo ya protini kuwa vipande vifupi.

Vimeng'enya havipungui kwa kufanya kazi. Kijiko kimoja cha papai hakimalizi nguvu yake baada ya saa moja. Kitaendelea kukata kwa muda wote ambao kuna protini, unyevu na joto linalokifaa. Ndiyo maana kuongeza muda ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, hata kama papai lenyewe ni kidogo.

Kuna mambo mengine mawili yanayotawala kila hatua iliyo hapa chini. La kwanza ni joto: ndani ya friji papaini hufanya kazi polepole sana, kwenye joto la chumba hufanya kazi kwa wastani, na hufikia ukali wake katika nyuzijoto 60 hadi 70 za Selsiasi, kisha huanza kuharibika joto linapopita nyuzijoto 80. La pili ni kwamba papaini haizami ndani. Inapopakwa juu ya nyama mbichi hupenya milimita chache tu, kwa hiyo bonge kubwa la nyama litaoza juu, kwa namna ya kusema, huku moyo wake haujaguswa.

## Hatua ya 1: Ipumzishe nyama siku moja

Katika miji yetu mingi ng'ombe huchinjwa alfajiri na nyama yake huuzwa asubuhi hiyohiyo. Nyama ya namna hiyo huwa bado imekakamaa, kwa kuwa misuli hukaza baada ya mnyama kufa na huchukua muda kulegea. Nyama yenyewe ina vimeng'enya vyake vya asili vinavyoilegeza taratibu ikiwekwa kwenye baridi.

Kwa hiyo nunua nyama siku moja kabla na uiweke kwenye friji ikiwa imefunikwa. Asiye na friji anaweza kuomba nyama ya jana kwenye bucha lenye chumba cha baridi. Wateja wengi huikataa nyama hiyo wakidhani ni duni, ilhali kwa mishikaki ndiyo bora.

Dalili ya mafanikio: nyama ikibonyezwa kwa kidole inabonyea na haina harufu kali. Ikiwa inateleza au inanuka, itupe. Papai halirekebishi nyama iliyoharibika.

## Hatua ya 2: Kata vipande vidogo vinavyolingana

Ondoa utando mweupe na kano zote nene, kwa kuwa hizo hazitalainika kwa muda mfupi wa mishikaki. Kisha tazama nyuzi za nyama zinaelekea wapi, na ukate ukizikingama. Kukata kwa kukingama hufupisha nyuzi kabla hata papai halijaguswa, na mpishi anayekosea hapa huishia kulilaumu papai bure.

Kila kipande kiwe cha upana wa takriban sentimita 2.5 kila upande. Vipande vikiwa vikubwa zaidi, papai halitafika kati. Vikiwa vidogo zaidi, vitakauka motoni. La muhimu kuliko vyote ni kwamba vilingane, kwa sababu vipande vikubwa na vidogo vikikaa bakuli moja, vidogo vitageuka uji kabla vikubwa havijalainika.

## Hatua ya 3: Tia viungo usiku, bila papai

Changanya chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, bizari na kijiko kikubwa 1 cha mafuta, upake nyama yote, ufunike na urudishe kwenye friji mpaka kesho yake.

Hapa ndipo penye siri ya mwongozo mzima. Wapishi wengi hutia viungo na papai kwa pamoja, kisha, kwa kuwa wanataka viungo vikolee, huiacha nyama usiku kucha. Viungo vinahitaji muda mrefu na papai linahitaji muda mfupi, kwa hiyo vitenganishe. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya cha kukata protini, lakini kwa kipimo hiki haitaidhuru nyama kwa usiku mmoja.

Ndimu isitiwe sasa. Tindikali ikikaa muda mrefu huibadilisha rangi sehemu ya juu ya nyama, ikaonekana ya kijivu kana kwamba imeshapikwa, kisha hukauka ikichomwa.

## Hatua ya 4: Chagua papai na ulitayarishe

Jaribu papai kwa kulichanja ngozi kidogo kwa ncha ya kisu. Likitoa utomvu mzito mweupe unaotiririka, lina nguvu. Likitoa maji meupe hafifu, limeanza kukomaa na nguvu yake imepungua. Likiwa limeanza kuwa na rangi ya njano au ya machungwa ndani, ulile tu kama tunda, kwa sababu papai likiiva utomvu wake karibu wote hutoweka pamoja na vimeng'enya vyake.

Vaa glavu, lioshe, kisha uparuze kipande pamoja na ganda lake. Utomvu mwingi uko kwenye ganda na chini yake kidogo, na anayelimenya papai bichi kabla ya kulitumia hutupa sehemu iliyo bora. Kama unatumia blenda, usiongeze maji zaidi ya kijiko kimoja.

Tahadhari: utomvu huu hukata protini za ngozi yako kama unavyokata za nyama. Huwasha mikono yenye michubuko, na ukiingia machoni huunguza. Ukiruka jichoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka na uende kituo cha afya.

## Hatua ya 5: Tia papai na uanze kuhesabu

Pima vijiko vikubwa 2 vya papai lililoparuzwa, utie kwenye nyama, na uchanganye kwa dakika mbili nzima mpaka kila kipande kipate. Papai likirundikana upande mmoja wa bakuli, vipande vya hapo vitaharibika na vingine vitabaki vigumu, na ndipo huja yale malalamiko ya nyama laini na ngumu katika kijiti kimoja.

Andika saa. Sasa chagua njia moja kati ya hizi mbili:

- Nje ya friji: dakika 45. Usizidishe saa moja, hasa katika joto la Pwani, kwa kuwa zaidi ya kulainika kupita kiasi, bakteria nao huongezeka.
- Ndani ya friji: saa 3. Njia hii ni ya taratibu, na ina nafasi kubwa zaidi ya kukusamehe ukichelewa nusu saa.

Wakati huohuo loweka vijiti vya mianzi kwenye maji kwa nusu saa ili visiungue, kisha uwashe mkaa.

## Hatua ya 6: Choma kipande kimoja cha majaribio

Mapapai hayalingani nguvu, hata yaliyochumwa kwenye mpapai mmoja, na hakuna kipimo cha kijiko kinachoweza kuondoa tofauti hiyo. Kwa hiyo, zikiwa zimebaki dakika 15 kufikia muda wako, toa kipande kimoja, ukipanguse, na ukikaange kwenye kikaango mpaka kiive.

Kikiwa kigumu bado, acha muda umalizike na uongeze dakika 10 hivi. Kikiwa sawa, endelea na hatua inayofuata mara moja, bila kungoja muda utimie. Kikiwa kimeanza kuwa laini mno upande wa nje, pangusa papai lote papo hapo na uanze kuchoma.

Ukiionja nyama hii na ukahisi uchungu mdogo, papai limezidi. Protini ikikatwakatwa mno huacha vipande vyenye ladha chungu, na hakuna kiungo kinachoufuta uchungu huo. Unaweza kuufunika tu kwa ndimu na pilipili.

## Hatua ya 7: Pangusa, chomeka, choma

Pangusa papai kwenye vipande kwa mkono wenye glavu au kwa karatasi ya jikoni. Usiioshe nyama kwa maji, maana utaondoa viungo vyote, na maji yatakayoruka yatasambaza bakteria jikoni. Mabaki ya papai yasipopanguswa huungua haraka na kuacha madoa meusi.

Chomeka vipande bila kuvibana sana. Mkaa uwe umeshika vizuri na kufunikwa na majivu meupe, usiwe wa kuwaka ndimi. Pakaa mafuta yaliyobaki, weka mishikaki juu ya wavu na uigeuze kila dakika moja au mbili.

Moto uwe mkali wa kutosha. Moto hafifu huiweka nyama kwa muda mrefu katika zile nyuzijoto 60 hadi 70 ambamo papaini ni kali kupita wakati wowote, hivyo nyama iliyokuwa sawa bakulini hulegea ikiwa jikoni. Kwa mkaa mzuri, vipande vya kipimo hiki huiva kwa dakika 8 hadi 12. Kamulia ndimu dakika ya mwisho.

Dalili ya mafanikio: nje pamekauka na kushika rangi ya kahawia, kipande kinang'atwa bila kuvutwa kwa meno, na ukikipasua bado unaziona nyuzi za nyama. Nyuzi zikiwa hazionekani tena na ndani pamekuwa mfano wa kitu kilichosagwa, papai limepita mpaka.

## Hatua ya 8: Usiiweke kwenye hotpoti

Ushauri huu huwashangaza wengi. Mishikaki iliyotoka jikoni ikiwa bora kabisa, ikafungiwa kwenye hotpoti kusubiri wageni, inaweza kufika mezani imelegea. Sababu ni kwamba katikati ya kipande joto huenda halikufika kiwango cha kuiua papaini, na hotpoti ikaihifadhi nyama katika joto ambalo kimeng'enya kinalipenda. Choma kwa awamu na upakue moto moto. Kama ni lazima kusubiri, chomeka vijiti na uviweke kwenye friji baada ya kupangusa papai, kisha uchome wageni wanapofika.

## Papai kwenye sufuria

Kwa nyama ya kuchemsha, hasa kuku wa kienyeji aliyekomaa au mbuzi mzee, watu hutumbukiza kipande cha papai bichi kwenye supu inayotokota, kisha hushangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Maji yanayochemka yana nyuzijoto karibu 100, na papaini huharibika humo baada ya muda mfupi.

Tia nyama na vipande viwili vya papai vyenye ganda, kila kimoja kikiwa cha ukubwa wa kidole gumba, kwenye maji ya baridi. Pasha kwa moto mdogo ili maji yachukue dakika 20 hadi 30 kufikia kuchemka. Ni katika kupanda huko kwa joto ndiko papai linakofanya kazi. Baada ya hapo chemsha kama kawaida na uvitoe vipande vya papai. Kuku wa kisasa hahitaji papai. Nyama yake ni laini tayari na itaachana na mfupa kabla hujaitaka.

## Nanasi na matunda mengine

Nanasi bichi, au bivu ambalo halijapikwa, lina bromelaini, kimeng'enya cha jamii moja na papaini. Tumia vijiko vikubwa 2 vya juisi iliyokamuliwa sasa hivi kwa kilo moja ya nyama, kwa dakika 20 hadi 30 tu. Ule moyo mgumu wa katikati ambao wengi huutupa unafaa kabisa kwa kazi hii. Ubaya wa nanasi ni sukari yake, inayoungua upesi kwenye mkaa, kwa hiyo ipanguse nyama vizuri. Mimi kwa mishikaki hupendelea papai, kwa kuwa halina ladha ya kushindana na viungo.

Nanasi la kopo na juisi ya boksi havifai, kwa sababu vimepashwa moto kiwandani na vimeng'enya vyake vimekufa. Kiwi na tini mbichi zina vimeng'enya vya namna hii pia. Embe bivu na ndizi hazitakusaidia.

Unga wa kulainishia nyama unaouzwa madukani mara nyingi una papaini iliyokaushwa pamoja na chumvi. Fuata kipimo cha pakiti na upunguze chumvi yako.

Uwezo huohuo wa kukata protini ndio unaoharibu mapishi mengine. Jeli ya jelatini ikitiwa nanasi bichi haigandi hata ikikaa friji siku nzima, kwa kuwa jelatini ni protini. Chemsha nanasi kwa dakika chache kwanza, lipoe, ndipo ulitie. Jeli inayogandishwa kwa mwani haina shida hiyo, maana kinachoigandisha si protini. Vilevile, nanasi au papai likisagwa na maziwa, yanywe papo hapo: yakikaa hugeuka machungu.

## Nani achukue tahadhari

Mtu anayepata mzio kwa glavu au puto za mpira anaweza kupata mzio kwa papai pia, na asilishike bichi. Mjamzito asile papai bichi lisilopikwa wala asionje mchanganyiko wa bakulini. Watoto wasiachwe kuchezea ganda lenye utomvu.

## Kuhifadhi papai lililobaki

Paruza papai lote lililobaki pamoja na ganda, ulijaze kwenye trei ya barafu kwa kipimo cha kijiko kikubwa kimoja kila tundu, na uligandishe. Baridi huisimamisha papaini bila kuiua, hivyo vipande viwili vya barafu hiyo vitatosha kilo moja ya nyama wakati wowote. Viyeyushe kwanza kabla ya kuvitia, ndipo vienee sawasawa. Lakini usigandishe nyama iliyokwisha kutiwa papai: kazi husimama kwa muda tu, kisha huendelea nyama inapoyeyuka, na kipande cha nje kinachoyeyuka kwanza ndicho kitakachoharibika kwanza.